Len Tugwell na Wenye Nyumba Watano wa Marlcote

Tarehe 29 Septemba, Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, Bwana Leonard Tugwell anastaafu kazi katika Jumba la Marlcote baada ya utumishi wa miaka arobaini na minane. Aliajiriwa mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka kumi na saba, masikio makubwa na suruali ya kaka yake. Anaondoka kazini mwaka huu wa 2022 akiwa na masikio yale yale. Katika muda huo jumba limebadilisha wenye nyumba mara nne, mabomba mara mbili na paa mara moja na nusu. Len hakubadilishwa, kwa sababu kila aliyeingia aligundua mapema sana kwamba bila Len jumba hili halikaliki.

Kwenye karatasi za ofisi anaitwa Meneja wa Matengenezo. Cheo hicho kililetwa miaka michache iliyopita pamoja na fulana yenye nembo, ambayo Len huivaa chini ya sweta ili isionekane. Kazi yenyewe ni kufungua mbao za madirisha asubuhi, kuondoa majani kwenye mifereji ya paa, kuzibua hiki na kuziba kile, kuibembeleza milango iliyovimba kwa unyevu, na kumhudumia Mama Mkwe. Mama Mkwe ni boila letu, lililoko chini ya jumba. Len ndiye aliyelipa jina hilo, kwa kuwa lisiposalimiwa asubuhi kwa adabu, nyumba nzima hupoa.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu za Marlcote anazijua Len, na hajapata kumsimulia mtu. Mimi, Nora Skelhorn wa jikoni, nimefanya naye kazi tangu mwaka 1983, na hata hivyo nyingi nimezijua kwa kuchungulia tu.

Mwenye nyumba wa kwanza aliyemtumikia alikuwa Sir Aubrey Venning, ambaye ukoo wake ulikaa hapa tangu jumba lilipojengwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekula chakula cha jioni amevaa koti la baridi kwa sababu hakupenda kumsumbua mtu na habari za moto. Paa lilivuja. Ukumbi wa picha ulijaa ndoo, na kila walipokuja wageni ndoo zilibidi zifichwe, ila matone hayakujua kwamba kuna wageni. Len, akiwa bado mpya kazini, alishauri kwamba mahali pa kila ndoo pawekwe chombo kikubwa cha kaure chenye maua mabichi. Ikafanyika hivyo. Askofu mmoja aliyealikwa chakula cha mchana alisimama mbele ya chombo kimojawapo, akaona tone likitua katikati ya mayungiyungi, akasema hajapata kuona nyumba yenye utaratibu mzuri namna hii wa kumwagilia maua. Sir Aubrey alimshukuru kwa dhati, akamsogeza kidogo kushoto.

Mwaka 1979 Len alimwoa Winnie, binti wa mwoka mikate wa kijijini. Siku ya harusi Sir Aubrey aliwakabidhi funguo za ile nyumba ndogo iliyo nyuma ya bustani ya matufaha, kisha akampa Len mkono.

"Hapa mtakaa, Tugwell," alisema, "mpaka mtolewe mmebebwa."

"Ni wema wako, bwana," Len akajibu.

Maandishi hayakuwepo. Kwetu sisi, mtu akishakupa mkono humwombi karatasi. Ukiomba, umemwambia usoni kwamba humwamini. Len asingethubutu, na sidhani kama yuko mtu katika kijiji hiki angethubutu.

Miaka minne baadaye jumba lilimshinda Sir Aubrey, likauzwa. Desturi ya hapa ni kwamba mwenye nyumba akiondoka, wafanyakazi hujipanga kwenye ngazi za mbele kumuaga. Basi walijipanga, aproni nyeupe, viatu vinang'aa, wakasubiri na kusubiri. Sir Aubrey akatoka kwa mlango wa jikoni na masanduku mawili, moja kalibeba Len.

"Waambie nimewahi treni, Tugwell," alisema bila kumtazama.

Saa ile haikuwa na treni yoyote. Len alizunguka mbele, akawaambia wenzake kwamba bwana amewahi treni, na wote wakaitikia kwamba ni kweli, treni siku hizi hazimsubiri mtu. Kisha wakarudi ndani kuosha vyombo.

Jumba likawa shule ya wasichana, nami nikaajiriwa jikoni. Mwalimu mkuu, Bi. Oakshott, alifika na glavu za kahawia na sauti ya kuamsha wafu. Siku ya kwanza alikagua kila kitu, akamkuta Len juu ya ngazi.

"Wewe ndiye uliyekuja na nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile nyumba ndogo ni yako?"

"Ni yangu, mama. Kwa neno la Sir Aubrey."

"Basi na langu pia," alisema, akavua glavu moja ili ampe mkono. Bi. Oakshott hakuwa mtu wa kuvua glavu ovyo.

Katika miaka ile Len alifanya jambo ambalo bado linasimuliwa na wasichana wa wakati huo, ambao sasa ni bibi za watu. Asubuhi moja wakaguzi wa serikali walipokuwa wanatarajiwa, msichana mmoja aliingiza kichwa kati ya nguzo mbili za ngazi kuu ili awachungulie wakiingia, kichwa kikakataa kutoka. Bi. Oakshott akaagiza msumeno. Len akasema nguzo zile zina umri mkubwa kuliko sisi sote tukijumlishwa, akaja kwangu akaomba mafuta ya bata bukini. Alikuwa bado anampaka mtoto masikio wakaguzi walipoingia. "Anasoma nakshi za mbao, mabwana," Len aliwaambia. "Tunawafundisha watazame kwa karibu." Wakaguzi waliandika kwamba shule inajali sanaa.

Shule nayo ilifungwa. Bi. Oakshott alikuja jikoni akiwa amevaa kofia, akazisifu sufuria zangu moja moja, sufuria ambazo hakuwa amezitazama hata siku moja. Nilielewa. Nikamfungulia mlango wa nyuma, na Len alikuwa tayari nje na mkokoteni wa mizigo. Tangu hapo nimewaona wote wakiingia Marlcote kwa mlango wa mbele, na wote wakitoka kwa mlango wangu.

Wa tatu alikuwa Dex Corrigan, mwanamuziki, ambaye vijana wa kijijini walimfahamu vizuri kuliko walivyomfahamu mchungaji. Alipaka maktaba rangi nyeusi. Alinunua mavazi ya kivita ya chuma, kumi kwa mpigo, akayasimamisha kwenye korido, ingawa ukoo wa Venning ulikuwa wa wafanyabiashara wa sufu ambao hawakuwahi kupigana na mtu. Len huyapaka mafuta mpaka leo. Wageni wa harusi hupiga picha nayo wakiamini ni ya mababu wa jumba, na sisi, Mungu atusamehe, huwa tunawaambia wasogee karibu zaidi.

Nyimbo za Dex zilipoacha kuchezwa, marafiki waliacha kuja. Mara nyingi nilimkuta amekaa na Len kwenye chumba cha boila, bilauri mkononi, akimsimulia Mama Mkwe matatizo yake. Alipouza, alimkumbatia Len pale mlangoni, akalia begani mwake bila kificho.

"Kile kijumba ni chako, kaka," alisema. "Nimewaambia hawa wanaokuja. Nimewaambia Len haguswi."

Hao waliokuja walikuwa watu wa ukimya, jumuiya ya wanaume na wanawake wasiosema neno isipokuwa saa ya chai siku ya Jumapili. Len alijifunza kuwaeleza kwa mikono kwamba choo cha juu kisitumike, na sitawaonyesha alivyokuwa akifanya kwa kuwa leo kuna watoto. Kiongozi wao, daktari wa meno mstaafu, alimkuta Len anatengeneza lango la ile nyumba ndogo. Alimtazama, akaitazama nyumba, akaweka mkono kifuani, kisha akautoa kumpa Len. Hata mtu aliyeapa kutosema alitoa neno lake. Baadaye waligombana juu ya zamu za kuosha vyombo, ugomvi mkali sana, wote kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji, na mwaka 2008 wakatawanyika mmoja mmoja kupitia jikoni kwangu, wakininong'oneza kwaheri.

Ndipo wakaja Bwana Giles Fennimore na Bi. Harriet, waliofanya Marlcote hoteli na mahali pa harusi. Walihamia mwezi wa Januari, theluji imekaa hadi kwenye vizingiti, na mtoto wao mchanga, Clemmie, alikuwa anakohoa. Mama Mkwe akachagua siku hiyo kugoma. Len aliingia chini asubuhi, akatoka kesho yake mchana, uso mweusi, na mabomba yakaanza kugonga kila chumba. Bwana Giles alimfuata jikoni. Bi. Harriet alikuwepo na mtoto begani, nami nilikuwepo, nikimenya viazi. Bwana Giles aliushika mkono wa Len bila kujali masizi.

"Len, sikiliza. Wamenieleza habari ya nyumba yako. Ni yako mpaka mwisho wa maisha yako. Neno langu hilo."

"Ni wema wako, bwana," Len akasema, kama alivyowajibu wote.

Ya kazi tangu hapo mnayajua. Hakuna bibi harusi aliyetetemeka Marlcote isipokuwa kwa woga wake mwenyewe. Lifti iliyomnasa mjomba wa bwana harusi pamoja na hotuba yake ilifunguliwa na Len kwa kijiko changu cha supu, ingawa baadhi ya wageni waliomba isifunguliwe haraka. Dari ya ukumbi mkubwa, ambayo mafundi watatu wa mjini walisema itaanguka, Len aliiegemeza, akaisikiliza, akaitibu, nayo iko juu ya vichwa vyenu hivi sasa. Zaidi ya yote alitufundisha sisi wengine kuipenda nyumba isiyo yetu bila kusahau kwamba si yetu.

Sasa nimefika pale ambapo wasifu wa namna hii huruka moja kwa moja hadi kwenye keki. Ningependa kuruka. Nimejaribu mara kadhaa, na kila nikiruka naona haya, haya ile ya kuchoma masikio, hadi kalamu naiweka chini. Kwa hiyo sitaruka.

Wiki mbili zilizopita, asubuhi, nilikwenda kwa Len kuchukua mayai. Kuku wake ni wazuri kuliko wa dukani, na huwa nampelekea mkate badala yake. Nilikuta sebuleni binti mmoja mchangamfu, mtu wa mapambo ya nyumba aliyeletwa na ofisi, ameshika futi ya kupimia.

"Samahani mzee, ungenishikia hapo kwenye dirisha?"

"Hapa, binti?"

"Juu kidogo. Hapo hapo. Aa, umeniokoa, peke yangu ningefika saa ngapi?"

Alipima dirisha, akapima mahali pa moto, akaingia chumbani akapima huko pia. Len alimfuata kila alikokwenda, ameishika ncha ya futi. Walipofika upande wa kitanda aliokuwa akilala Winnie, Len mwenyewe alisogeza kimeza ili binti apate nafasi ya kupita. Nilisimama na mkate wangu nisijue pa kuuweka.

"Mapazia yatakuwa rangi gani?" Len aliuliza, kwa adabu tu.

"Kijani kilichoiva. Wageni wa mjini wanaipenda, we acha! Tunataka wa kwanza waingie kabla ya Krismasi, ofisi inanikimbiza kama nini." Halafu akasita. Aliziona slipa za Len kando ya moto. Aliiona picha ya Winnie ukutani, na miwani juu ya gazeti. "Mzee... samahani. Si walikuambia?"

Uso wa binti uliiva mpaka shingoni. Len akaona.

"Waliniambia, mbona zamani," alisema. "Mimi ndiye mvivu wa kufunga mizigo. Haya, chai unaweka sukari?"

Hakuna mtu aliyemwambia. Mwezi Machi mwaka huu alipanda miche ya matufaha nyuma ya banda la kuku, na mtu anayejua anahama hapandi matufaha. Lakini alimpikia binti chai, akamkatia mkate niliouleta, akamsindikiza hadi langoni na kumfungulia mlango wa gari. Aliporudi nilikuwa bado nimesimama.

"Len, hawajakuambia wewe."

"Hawajaniambia."

"Sasa mbona umemdanganya yule mtoto?"

"Hukumwona alivyokuwa, Nora? Angelia. Mtoto wa watu, yeye ana kosa gani?"

"Basi nenda kwa Bwana Giles. Vaa koti uende sasa hivi. Alikupa mkono, mimi nilikuwepo."

"Nikamwambie nini? 'Bwana, wewe si ulisema?' Mtu ukimkumbusha neno lake umemwita mwongo. Amesahau tu, Nora. Ana harusi, ana wageni, ana kichwa kimoja."

"Kwa hiyo uhame nyumba ili yeye asione haya?"

Len alikusanya vikombe, akaanza kuviosha. "Wa kuona haya lazima awepo," alisema. "Afadhali mimi. Mimi sina wageni wa kupokea." Kisha akaniomba nisimwambie mtu.

Niliwaambia watu. Niliwaambia wenzangu wote kwenye chumba cha chai, nikasubiri wapige kelele. Bert wa bustani alisema, "Jamani." Gladys wa vyumbani akasema huenda ofisi ina mpango mwingine mzuri zaidi. Bert akasema huenda. Mtu akapitisha biskuti. Ndivyo tulivyo sisi: jambo likituchoma, tunapitisha biskuti. Gladys akauliza kama keki ya kumuaga iwe ya limau au ya chokoleti, na ndugu wasikilizaji, tulilijadili hilo kwa kirefu, kwa moyo wote, mpaka mapumziko yakaisha. Hatukutazamana usoni siku nzima. Ni ya limau, iko mezani pale, na mimi ndiye niliyeioka.

Tangu hapo Len amekuwa akiomba maboksi matupu kwa muuza mboga. Ukimuuliza, anasema ni ya vitu vya zamani. Atakwenda Grimsby kwa dada yake, ambaye ana chumba cha nyuma anachopigia pasi. Kuku amempa Bert. Bert aliwapokea, akasema ahsante, akaenda nyuma ya banda la miche akakaa huko muda mrefu.

Bwana Giles aliponiomba niandike wasifu huu, nilitaka kumpelekea auone kabla, kwa kuwa desturi ya Marlcote ni mfanyakazi mwenzake na anayestaafu kuandika na mwenye nyumba kusoma mbele ya wote. Alikataa katakata.

"Hapana, Nora, usinionyeshe! Nataka nicheke pamoja na wengine. Ila usisahau ile ya askofu."

Sikuisahau, bwana.

Basi, wageni wetu, sauti mnayoisikia ni ya Bwana Giles, na nadhani tangu binti alipotoa futi imekuwa ikipungua. Angependa kuacha. Hawezi. Yeye ni mtu wa hapa kama sisi, na mtu wa hapa akishaanza kusoma mbele ya watu wenye vikombe mkononi atasoma hadi nukta ya mwisho, hata kama karatasi inamuunguza vidole. Nililijua hilo nilipokuwa naandika, nami naona haya kwa kulitumia. Kumwekea mwajiri wako maneno mdomoni mbele ya kadamnasi ni jambo ambalo mama yangu angenizaba kofi kwa ajili yake, na angekuwa na haki.

Len atakuwa anatazama viatu vyake. Tafadhalini msimgeukie. Nisamehe, Len. Uliniomba nisimwambie mtu, nami nikaitikia kwa kichwa tu. Mkono sikukupa.

Na nisieleweke vibaya. Bwana Giles si mtu mbaya, hata kama ni yeye mwenyewe anayelazimika kuwasomea hivyo. Winnie alipofariki alibeba kona moja ya jeneza katika mvua ya mawe, akakataa mwavuli, na alipofika kwangu jikoni meno yalikuwa yanagongana asiweze kunywa supu. Neno lake alilitoa kwa moyo mweupe. Limemponyoka tu, kama linavyoweza kumponyoka mtu yeyote asiyetakiwa kulikumbuka na yeyote. Ahadi ni deni hata kwa anayesahau, lakini sisi tuliokuwa tunakumbuka tulikaa kimya, na katika aibu hii ya leo sisi tumo, yeye si peke yake. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Akichutama hakuna atakayemcheka Marlcote, tutageuza nyuso tumpe nafasi.

Kwako Len, wenzako wote wanakushukuru: kwa paa ambalo halikutuangukia, kwa asubuhi zote ulizoamka kabla yetu ili tukiamka tukute joto, kwa siri zetu ulizozibeba pamoja na masanduku ya wakubwa, na kwa kutowahi kumfanya mtu ajione mdogo, hata pale alipostahili. Tunakutakia maisha mema. Tunakutakia usingizi wa mtu asiyetega sikio kwenye mabomba, magoti yasiyouma, na chai inayoletwa na mtu mwingine. Mahali pa kuyafurahia hayo yote tungependa kupataja hapa, ila sisi wa jikoni si juu yetu kupataja.

Bwana Giles, maandishi yangu yameishia hapa, na nyuma ya karatasi hakuna kitu. Len yuko kiti cha mbele, kushoto kwako. Mwambie atalala wapi.